Mlango wa Sayari ya Barafu

Kilichoanza ni harufu. Harufu ya tope la kaburi, ndani ya kibanda cha bati kilichojengwa juu ya barafu tupu ya Iceland, mahali ambapo ukichimba kutwa nzima hupati udongo wa kujaza kiganja.

"Nani hajaoga leo?" aliuliza Hallgrímur, mwongozaji wa filamu. Watu wakacheka.

Sólrún hakucheka. Yeye aliigiza kiongozi wa wahamiaji waliokuja kuitwaa sayari iliyoganda. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango na kuwakaribisha wenzake watokao dhorubani, wote wamevaa suti nyeupe na helmeti za vioo vyeusi. Mumewe, Bergur, alikuwa miongoni mwao, naye hakupotea machoni kwa sababu alichechemea. Goti lake liliharibika akicheza mpira. Maneno ya kukaribisha yalikuwa ya mabibi zao, wanayoyasema majumbani mwaka unapogeuka ili majini yaishiyo ndani ya mawe yapite salama: *Waje wanaotaka kuja, waende wanaotaka kwenda, bila kunidhuru mimi na wangu.* Hallgrímur aliyaona marefu. Akabakisha ya mwanzo tu.

Walirudia onyesho hilo tangu asubuhi. Kila mara harufu ilizidi, na kila mara walioingia walikuwa wengi kuliko waliotoka.

Sólrún alijibanza nyuma ya jenereta, akampigia simu bibi yake.

"Bibi, nimesema yale maneno yenu ya kukaribisha, na sasa wamejaa humu. Wengine hawavui helmeti. Nimewasikiliza, hawapumui."

"Umewaita bila kuwaaga? Lo! Ukaribisho wa nusu umefunzwa na nani?"

"Ni filamu tu, Bibi."

"Wao wanajua filamu?" Bibi alishusha sauti. "Waambie waende. Wakishatoka, usimwite mtu. Hata mumeo, unanisikia? Ukiita mmoja, umeita wote."

Akarudi mlangoni, akasema, "Waende wanaotaka kwenda," na suti zile nyeupe zikaanza kumpita moja moja, bila kishindo, bila pumzi, zikimgusa bega kwa baridi iliyopenya hadi mfupani, zikashuka ngazi kuelekea kwenye ufa mkubwa wa barafu, na ingawa jua la kiangazi lilizimulika zote, hakuna hata moja iliyokuwa na kivuli, isipokuwa ya mwisho.

Ya mwisho ilikuwa ikichechemea.

"Bergur yuko ndani, sivyo?" Hallgrímur alinong'ona.

Sólrún aligeuka. Waliobaki walikuwa wamevua helmeti wote, nyuso zimewapauka. Bergur hakuwamo.

Alijua alichokatazwa. Alikijua vizuri kabisa. Lakini mumewe alikuwa anaukaribia ufa, na hofu ya kumpoteza ikamshinda.

"Bergur!" alipiga kelele. "Rudi, mume wangu! Njoo!"

Wakasimama wote. Wakageuka wote. Aliyekuwa wa mwisho sasa akawa wa kwanza, akaja mbio kuelekea mlangoni, na wenzake nyuma yake.

Hakuwa akichechemea tena. Wala hakuwa na kivuli.