Sauti ya Kristina Kwenye Vigae

Haya yalimpata rafiki yangu Aron, mwalimu wa Njombe. Mkewe Kristina walikuwa wamemzika penye changarawe, na kesho ndugu wa marehemu wangegawana vitu vyake, simu ikiwemo. Aron alitaka abaki na sauti yake tu. Akaipeleka simu Makambako kwa fundi Sila, aliyembadilishia Kristina ule mchezo wa kuunganisha vigae vya namba. Kila viwili vya namba sawa vilipoungana, sauti ya Kristina ilitaja jumla.

"Kamwene, mwalimu," Sila akamsalimia. "Mama Kristina alikuwa anakushinda mchezo huu?"

"Kila siku."

Sila akauhamishia mchezo kwenye simu ya Aron. "Sauti zinaishia elfu moja ishirini na nne. Alisema inayofuata atairekodi akiifikia."

Jioni, njiani kurudi, ukungu uliziba barabara. Aron akaegesha gari, akazima taa, akaendelea pale Kristina alipoachia. Nane. Kumi na sita. Thelathini na mbili. Hakulia. Alicheza mpaka vigae viwili vya elfu moja ishirini na nne vikakutana, akijua hapo hakuna sauti iliyorekodiwa.

"Elfu mbili arobaini na nane," Kristina akasema taratibu.

Nyuma ya sauti yake yalisikika majembe yakikwangua changarawe.