Joto la Shimo la Saba

Shimo la saba lilikuwa tupu, lakini mashine ililiandikia joto.

Kagure alidhani ni makosa yake. Ndiye aliyekuwa fundi wa vipimo katika kiwanda kimoja cha chai juu ya Karatina, mwaka wa sabini na tisa, na tangu asubuhi alikuwa akifunga nyaya za kupimia joto la tanuri la kukaushia majani. Umeme wa nyaya hizo ni mdogo mno, kwa hiyo hupitia kwanza kwenye kikuzaji, kisanduku chenye mashimo manane, ndipo mashine iandike kwenye karatasi joto la kila shimo. Shimo moja msimamizi wake, Muriithi, alikuwa amemkataza.

"Hiyo ya sita na moja, ruka," alisema. Saba hakuitamka, kwani kwa wazee wa kwao ni namba ya laana. "Mimi hata ng'ombe yangu sihesabu hiyo."

Kagure akaruka, shingo upande. Sasa karatasi ilisema nyuzi thelathini na saba, joto la mwili wa mtu.

Shimo lililoachwa wazi huokota takataka za umeme wa majirani zake, kila fundi anajua. Akalifunga kwa kipande kifupi cha waya. Likifungwa hivyo husoma joto la hapo hapo kisandukuni, na ukungu wa mlima ulikuwa umekifanya kisanduku kuwa baridi hata vidole vikafa ganzi. Karatasi ikarudia: thelathini na saba.

"Ni kama mtu ameweka kidole hapo," Kagure alisema akicheka. Kisha harufu ikamfikia, ya chai iliyoungua, na chini yake harufu ya nywele na ngozi. Kicheko kikamkauka.

Harufu hiyo kiwanda kizima kiliijua. Gicheru, mchochea moto wa zamani, alipima joto kama wachocheaji wote, kwa kuweka kiganja kwenye mlango wa tanuri. Siku moja mlango ukafumuka akiwa ameushika, akaungua hadi kufa. Sasa anayeweka kiganja pale ni Simeon, mdogo wake Kagure, na kwa sababu hiyo tu Kagure alipigania mashine ile mpaka akaitwa mkaidi. Meneja Marete alikubali kwa sharti: ikileta upuuzi, inaenda stoo, na kiganja kinarudi kazini.

"Hiyo ni jini," Muriithi alinong'ona.

"Majini ni ya Mombasa," Kagure akamjibu. "Huku yangekufa baridi."

"Ndiyo maana imekaa karibu na tanuri."

Wakamleta Wacera, mama wa maombi. Aliomba vizuri, kwa sauti ya kutosha, kisha akagusa kisanduku na kuurudisha mkono haraka kifuani. "Huyu hafukuziki," alisema polepole. "Huyu yuko kazini. Anangoja mwenye zamu ampokee." Akaondoka bila kunywa chai, na hapo hata wasioamini wakaogopa.

Marete alikuja mchana huohuo kuamuru mashine itolewe. Alikuwa bado anaongea wakati kisanduku kilipoanza kuvuma, mvumo mdogo ukawa mzito, ukawa pumzi, ukawa sauti ya mtu mwenye koo lililoungua ikisema, "Simeon, kuja ushike," na Simeon, ambaye tangu utotoni hakuwa mtu wa kutii kirahisi, akageuka macho yakiwa yamemtoka, akauendea mlango wa tanuri mkono mbele, huku Marete akirudi nyuma na Muriithi akiwa amepiga magoti akimwita Mungu kwa Kikuyu na Kiswahili na lugha zote alizokuwa nazo.

Kagure alimpiga Simeon kikumbo, akamwangusha kando. Hasira ilikuwa imeushinda woga wake. Akachukua waya wa kupimia uliobaki, akaubana mlangoni kwa koleo, pale viganja vya miaka mingi vilipoacha weusi, akauvuta hadi kwenye shimo la saba.

"Gicheru, ama kitu yoyote wewe ni," alisema, akikaza skrubu huku kisanduku kikimchoma vidole, "hapa hakuna mtu atashika tena. Mkono ni hii waya. Nimekataa."

Mvumo ukakatika. Karatasi ikaandika joto la mlango, na lilikuwa juu kupita kiasi. Ungefumuka wakati wowote.

"Funga hewa," alimwambia Simeon. Simeon akatambaa, akafunga tundu la hewa la tanuri, na namba zikaanza kushuka. Marete hakutaja stoo tena.

Jumapili tanuri lilikuwa limezimwa, na Kagure akapita kiwandani akitoka kanisani. Mashimo mengine yote yaliandika baridi ya mlima. La saba, ambalo waya wake ulikuwa mlangoni, liliandika thelathini na saba.

Alitazama mlango wa tanuri. Hapakuwa na mtu. Akavuta kiti, akakaa akiutazama.

"Shika tu," alisema. "Lakini utashika peke yako."