Jiwe Kwenye Mkono wa Lawwali

Asubuhi hiyo uani palikuwa na watu wanne. Alikuwapo Balarabe, muuza nyama ambaye ujanani alipigana ngumi za dambe, mchezo wa jadi wa wauza nyama. Alikuwapo mkewe, Hure, akikoroga fura, kinywaji cha mtama na maziwa. Alikuwapo mtoto wao wa kwanza, Lawwali, mkono wake wa kulia umezungushiwa kamba ya kupigania. Na alikuwapo jirani yao Ladi, mtaalamu wa viungo hospitalini, aliyekuja kununua nyama.

Balarabe alikuwa amefunga jiwe kwenye kifundo cha mkono wa mwanawe. Lawwali alipiga gunia la mchanga. Kila ngumi ilikuwa nzito na ya polepole kuliko iliyotangulia.

"Unalipiga au unalibembeleza?" Balarabe alifoka.

"Bega, Baba. Linawaka."

"Liwake! Sikukuu ya mavuno imekaribia. Mwaka jana ulilala uwanjani kama kondoo wa Idi. Unataka nifiche uso tena?"

Lawwali alipiga tena, akaguna kwa maumivu.

Hure aliitupa kata chini. Kwa watu wao, mzazi hamtaji kifungua mimba wake kwa jina, ni aibu. Tangu amzae, alikuwa akimwita "wewe kijana" tu. Leo hasira iliishinda aibu.

"Lawwali! Fungua hilo jiwe!"

Balarabe aligeuka. "Mwanamke, umemtaja?"

"Nimemtaja, na nitamtaja tena! Nawe baba yako alikufunga jiwe. Haya, inua mkono, ishike ile ndoano ya nyama. Inua! Nani hukutundikia nyama kila alfajiri? Si mimi?"

Mkono wa Balarabe ulipanda hadi kifuani, ukakwama.

"Mzee, niwie radhi nikiingilia," alisema Ladi.

"Ingia tu. Leo nyumba haina mlango!"

"Ngumi haianzii mkononi. Mguu husukuma ardhi, kiuno hugeuka, bega hufuata, ngumi humalizia. Jiwe linauzoesha mkono kuchelewa, na linaliumiza bega."

"Basi nguvu ataitoa wapi?"

"Miguuni na kiunoni. Bega likipona, abebe mzigo, achuchumae na kuinuka. Siku nyingine aruke juu, arushe gunia dogo kwa kasi yake yote. Arushe mara chache, kisha apumzike. Kasi ikipungua, aache. Aliyechoka hajifunzi wepesi."

"Apumzike! Huyu ni mpiganaji au sultani?"

"Na sikukuu hii asipigane."

Balarabe alitoka kwa kishindo. Lakini kesho yake jiwe halikuonekana tena uani.

Sikukuu ikapita bila Lawwali. Bega likapona, mazoezi mapya yakaanza. Kiangazi kilipokolea, aliingia uwanjani. Mpinzani alimjia kwa madaha. Mguu wa Lawwali ukasukuma mchanga, kiuno kikageuka, ngumi ikatoka kama mjeledi. Mpinzani alikaa chini akiwa bado anatabasamu.

Wauza nyama wenzake walimzunguka Balarabe. "Safari hii ulimfunga jiwe zito kiasi gani?"

Uso wa Balarabe ulikunjamana. Hasira yake sasa ilikuwa juu ya miaka ambayo yeye mwenyewe alifungwa jiwe.

"Sikumfunga jiwe!" alisema kwa sauti, wote wasikie. "Na kuanzia leo, katika nyua zetu hakuna kijana atakayefungwa jiwe. Anayetaka ngumi aje ajifunze kwa mwanangu. Anaitwa Lawwali."