Sabini na Moja za Assia

Tangu ajue kusoma, Sikuzani hakuacha kitu kipite bila kusomwa. Alisoma magunia ya mchele. Alisoma migongo ya malori. Asubuhi, akikaanga maandazi mbele ya nyumba yake Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, alisoma hata magazeti ya zamani aliyofungia maandazi.

"Mama, andazi langu linapoa!" wateja walilalamika.

"Ngoja kidogo. Kuna mutu hapa amechaguliwa waziri, nijue ni nani."

"Huyo walishamuondoa zamani!"

Alikuwa na miaka sitini na tatu. Alisoma kwenye darasa la watu wazima. Nyumbani, aliyemsaidia kila jioni alikuwa Assia, mjukuu wake. Assia hakumcheka hata siku moja. Bibi akikwama kwenye neno, mtoto alinyamaza akangoja, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango.

Assia alikuwa mwaka wa mwisho wa lise, yaani sekondari, wa kwanza darasani. Alitaka kusomea uhandisi wa maji. Alikuwa anaomba nafasi kwenye vyuo vikuu vya Amerika, vile vinavyochagua wanafunzi wachache sana. Alisikia kwamba baadhi ya vyuo hivyo humsomesha bure mgeni asiye na uwezo. Karatasi zote zilitakiwa zitumwe kabla ya Jumamosi. Ilibaki buletini tu, yaani karatasi ya alama. Ilipaswa kugeuzwa kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza.

Kazi hiyo aliifanya Moubarak, mwenye kibanda cha kuchapa na kufotokopi karibu na msikiti. Alhamisi asubuhi alizileta karatasi mwenyewe. Alizitia ndani ya plastiki zisipate mafuta. Malipo akakataa.

"Mutoto wa hapa kwetu, nimulipishe? Apana, mama."

Sikuzani akampa maandazi manne. Kisha akakaa na karatasi mbili magotini, ya Kifaransa na ya Kiingereza. Lugha hizo hakuzijua. Lakini namba ni namba. Aliweka kidole kimoja huku na kingine huku.

Jumla, 71. Na huku, 91.

Hisabati, 74. Na huku, 94.

"Moubarak! Rudi hapa. Hizi namba zimekua. Nani amezimwagilia maji?"

Moubarak alicheka, mdomo umejaa andazi.

"Ni zawadi yangu, mama. Kule Amerika sabini ni ya wavivu. Watoto wao wanapata tisini na tano. Wakiona sabini na moja ya Buyenzi, watafungia maandazi. Nimemusukuma kidogo tu."

Assia alitoka ndani akaisoma karatasi. Sikuzani alidhani atakasirika. Hakukasirika.

"Bibi, tuache hivyo," alisema polepole. "Anasema kweli. Watanicheka."

"Nani atakucheka?"

"Wale wanaochagua. Bibi, nafasi ni moja tu. Nikikosa, nimekosa."

Sikuzani alizima moto chini ya karai. Alikuwa hajawahi kuuzima kabla maandazi hayajaisha.

"Sikiliza, mujukuu yangu. Sabini na moja naijua. Niliiona ikitafutwa. Hiyo tisini na moja mi siijui. Haijalala kwangu hata siku moja. Vaa viatu, twende tuulize mutu anayejua."

Walimkuta Madamu Caritas shuleni, wakati wa mapumziko. Alikuwa mwalimu wa hisabati, na ndiye aliyeandaa karatasi za wanafunzi wanaoomba vyuo vya nje. Ofisini kulikuwa na kiti kimoja. Alimpa Sikuzani, yeye akasimama.

Alizitazama karatasi zote mbili. Hakupiga kelele.

"Moubarak ana roho nzuri," alisema. "Lakini hii ingemuzika mutoto."

"Kwa nini, Madamu?" Assia aliuliza. "Sabini na moja si kidogo kule?"

"Ni kidogo kwa mutu asiyejua kwetu. Wale wanajua. Kazi yao ni kusoma buletini za dunia nzima. Na shule inatuma karatasi yake, inayoeleza namna tunavyotoa alama. Itasema: hapa kwetu hamsini ni kupita, na wanaofika sabini ni wachache. Itasema: Assia ni wa kwanza kati ya hamsini na wanane. Sasa we uniambie. Ukituma tisini na moja, halafu shule ikatuma sabini na moja, nani ataonekana mwongo?"

"Mimi."

"Ego, ndiyo, wewe. Si Moubarak. Watakukataa. Na wakigundua ukiwa umeshafika kule, wanaweza kukurudisha."

Sikuzani aliuliza, "Akituma hiyo ya kweli, watamuchukua?"

Madamu Caritas aliziweka karatasi mezani.

"Mama, sitakudanganya. Kwenye vyuo vile vigumu kabisa, katika watoto mia wanaopiga hodi, hawaingii hata kumi. Pengine hata watano hawafiki. Mugeni anayeomba asomeshwe bure, mulango wake ni mwembamba zaidi. Vyuo vingi vinaangalia kwanza kama atajilipia. Vichache haviangalii. Kwa hiyo tunauliza kila chuo. Tunaomba musaada wa ada toka mwanzo, tusingoje mwisho. Na tunapiga hodi nyingi, hata kwenye vyuo visivyo na jina kubwa."

"Na akija mutu akasema anauza nafasi?"

"Mufukuze. Nafasi haiuzwi. Na Assia, jiandikishe pia kwenye chuo kikuu cha hapa Bujumbura. Mutu hasimami kwa muguu mumoja."

Assia aliinamisha kichwa. Bibi aliona machozi, akageuka kutazama dirishani, ili mtoto ayafute kwa nafasi yake.

Kisha Assia akachukua karatasi ya tisini na moja. Akaichana mara mbili.

"Nitatuma yangu," alisema. "Wakitaka kucheka, wacheke. Darasani tulikuwa hamsini na wanane, na vitabu vya hisabati vinne. Kimoja nilikiandika chote kwa mukono, ili wenzangu wapate cha kusomea. Hao wa tisini na tano, nani kati yao amefanya hivyo?"

Madamu Caritas aligonga meza.

"Andika hivyo hivyo kwenye barua yako! Usiwalilie. Waeleze."

Moubarak alizichapa upya karatasi siku hiyohiyo, kwa aibu. Shule ikaweka kashe yake, yaani muhuri. Ijumaa Assia alituma kwenye vyuo vinane.

Mwezi wa tatu majibu yakaanza kuingia. Hapana. Hapana tena. Zikafika saba. Mteja mmoja alimwambia Sikuzani, "Mungeacha tisini na moja, mama! Kweli yenu imewapeleka wapi?"

"Imenipeleka kwenye karai langu, na hapo nasimama kichwa juu," Sikuzani alijibu. "Andazi moja au mawili?"

Kila jibu alitaka asomewe.

"Wanasema nini?"

"Wanasema walioomba ni wengi, bibi."

"Hawakusema we ni mwongo?"

"Hawakusema."

"Basi weka pembeni. Hodi nyingine."

La nane lilitoka chuo kidogo, ambacho jina lake mtaani hakuna aliyeweza kulitamka. Walimpokea. Wangemlipia masomo, chakula na mahali pa kulala. Chini ya barua mtu mmoja aliongeza maneno machache yake mwenyewe. Aliandika kwamba alitamani kukiona kile kitabu cha mkono.

Sikuzani alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Madamu Caritas alikuja kuwapongeza, na kuwaonya. "Viza ni mulango mwingine, na sheria zake zinabadilika. Musiuze hata sufuria kabla ya viza." Hawakuuza kitu. Assia alianza masomo hapa Bujumbura huku akingoja viza.

Na Moubarak? Juzi baba mmoja alimletea buletini ya mwanawe, akamnong'oneza apandishe sitini na sita iwe themanini na sita.

"Apana," Moubarak alisema, kwa sauti ya kusikika barabarani. "Mutoto wako amefanya kazi, amepata sitini na sita. Mimi ni nani nimuone mudogo? Lete nizichape kama zilivyo, halafu umupeleke kwa Madamu Caritas."