Kete ya Jeremia

Sitasema niliambiwa na jirani. Haya niliyaona mwenyewe, na sehemu yake niliifanya kwa mikono yangu. Mimi ni mwalimu, na nina ugonjwa mmoja wa kazi: nikikuta kitu chenye kanuni, situlii mpaka nimfundishe mtu. Ugonjwa huo ndio ulioniponza pale Gungu, mjini Kigoma, kwenye nyumba ya Mama Jeremia, nilikokuwa nimepanga chumba cha uani.

Ilikuwa Jumapili ya kawaida ya mwezi wa tatu. Misa imekwisha, mvua imepita, umeme haupo. Mama Jeremia alikuwa amekwenda kwenye jumuiya, na watoto wake wawili walikuwa barazani hawana la kufanya. Elia anaendesha bodaboda, ila siku hiyo pikipiki ilikuwa kwa fundi. Mdogo wake, Marcelina, alikuwa mwanafunzi wangu hadi kidato cha nne, na sasa alikuwa akisubiri barua ya chuo cha uuguzi. Kila siku aliniuliza kama majina yametoka. Ili kumpumzisha, nikatoa boksi nililotumiwa na rafiki yangu Davis kutoka Dodoma.

Ndani kulikuwa na mchezo wa mezani wa mashujaa. Bodi ilichorwa msitu, mapango na mto. Kila mchezaji anachukua kete ya shujaa wake, anampa jina, anarusha dadu, anapambana na majitu. Mtu mmoja anakuwa msimulizi: anawaeleza wenzake wanachokiona njiani na kuwauliza watafanyaje; kazi hiyo niliichukua mimi. Davis aliandika kwamba hilo ni toleo la wanaoanza, hata mtoto wa darasa la nne analiweza.

"Ni kama ludo?" Marcelina akauliza.

"Ni ludo yenye hadithi," nikasema.

Yeye akachagua mpiga upinde, binti mwembamba wa plastiki ya kijani. Elia akaangukia kete ya mzee mwenye fimbo, nikamwambia huyo ni mchawi mwema. Akairudisha mezani haraka.

"Mwalimu, nchi nzima wanatusema sisi watu wa Kigoma, leo niseme kwa mdomo wangu kwamba mimi mchawi? Mpe kazi nyingine huyo."

Tukamwita Mzee wa Fimbo, tukacheka sana. Kicheko kile nakikumbuka vizuri, maana kilikuwa cha mwisho kisicho na kitu ndani yake.

Tatizo lilikuwa moja. Kanuni zilitaka mashujaa watatu, na boksi lilichanika pembeni njiani, kete ya tatu ikapotea. Kitabu kilisema shujaa asiye na mchezaji atachezwa na wote kwa pamoja. Kwa hiyo mtu wa tatu hakuhitajika, ilihitajika kete tu. Elia akasimama, akaingia ndani, akarudi na ubao.

Ubao ule niliujua. Ulikaa nyuma ya mlango wa sebule. Ulikuwa kipande cha mtumbwi wa Jeremia, kaka yao mkubwa, aliyekwenda kuvua dagaa upande wa Mwamgongo miaka miwili kabla na hakurudi. Ubao ndio uliorudi. Kwao, mtu aliyemezwa na ziwa asipoonekana, ukoo hukata shina la mgomba, hulivisha sanda na kulizika kwa jina lake, ndipo matanga yaishe. Ukoo ulipokuja na shina, Mama Jeremia aliwafungia mlango. "Mimi sikuzaa mgomba," aliwaambia. Na mtaa mzima uliendelea kumwita kwa jina la mtoto yule.

Elia akakata kipande cha ubao, akachonga mtu mdogo mwenye mabega mapana. "Kaka naye acheze," akasema.

Nilimsifu. Ndiyo, nilimsifu, kama ninavyomsifu mwanafunzi aliyejibu vizuri. Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu mtu akifa unamwona. Sikujua kwamba aliyezama bila kuzikwa hachongewi umbo, wala hapewi zamu.

Mama Jeremia aliporudi nilidhani atatufukuza. Aliiona kete, akaishika kwa vidole viwili, akaiangalia muda mrefu. Kisha akavuta kigoda, akakaa.

"Sasa ni zamu ya nani?" akauliza.

Kuanzia Jumapili hiyo, yeye ndiye aliyerusha dadu kwa niaba ya Jeremia. Alicheka. Mwanamke ambaye sikuwahi kuyaona meno yake alicheka hadi akajifuta machozi, na mimi nilijiona nimefanya jambo kubwa. Dadu zilikuwa zikirudi mkononi mwangu zina unyevu. Nikasema ni jasho.

Jumapili ya nne, saa kumi alasiri, tukafika mtoni. Jeremia alitangulia. Kila shujaa ana mioyo mitatu, vipande vidogo vyekundu vya karatasi ngumu. Mama akarusha: moja. Akarusha: moja. Akarusha tena: moja. Mioyo yote mitatu ikaondoka, na Elia akailaza kete majini kama kanuni zinavyotaka.

Uso wa mama ulibadilika. Nilimwonea huruma. Nikafungua kitabu mbio mbio, nikapata kanuni ya wanaoanza, nikaisoma kwa sauti: shujaa akianguka, mwenzake anaweza kumpa moyo mmoja, aseme, "Nakupa wangu, inuka."

"Nampa mimi," mama akasema.

"Wewe huna, mama. Hukuanza na shujaa. Hata mimi msimulizi sina."

Elia alikuwa amebakiwa na mmoja tu. Mama akamgeukia Marcelina, aliyekuwa na yake yote mitatu.

"Mpe kaka yako."

"Mama, ni mchezo tu."

"Kama ni mchezo tu, si umpe."

Marcelina aliniangalia mimi. Alikuwa ananiuliza, kama alivyokuwa akiniuliza darasani. Nikamwambia haina neno.

Akasukuma moyo. "Nakupa wangu," akasema polepole. "Inuka."

Ndani ya nyumba, nyuma ya mlango, ubao ukaanguka. Hapakuwa na upepo.

Jumanne Marcelina alikuwa na baridi. Aliketi juani amejifunika blanketi, anatetemeka. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana ngozi, kama vya mtu aliyefua kutwa nzima. Tulimpeleka zahanati, wakapima malaria, hana. Alikohoa kwenye beseni, yakatoka maji. Maji meupe tu, na ndani yake gamba moja la samaki.

Jumatano nilishusha boksi kutoka juu ya kabati. Nilikuwa nimelifunga kwa mpira wa kufungia mizigo wa Elia, na chumba changu kina kufuli ambalo ufunguo wake ni mmoja. Tulikuwa tumebana mioyo ya kila shujaa kwenye kadi yenye jina lake ili tuendelee Jumapili. Marcelina nilimwacha na miwili, Jeremia na mmoja. Nikafungua. Marcelina alikuwa na mmoja. Jeremia alikuwa na miwili.

Nikairudisha ilivyokuwa. Nikafunga. Nikaketi kitandani, nikajiambia nimekosea kuhesabu.

Alhamisi nikafungua tena. Mmoja kwa miwili. Karatasi ilikuwa imelowa. Niliogopa, na sikuona aibu. Nikampigia simu Mzee Anatoli, kaka yake mama, muuza mawese wa Mwandiga.

Alikuja Ijumaa mchana na gari la mzigo, ananuka mafuta, hana subira. Nyuma ya gari kulikuwa na shina la mgomba. Alimtazama Marcelina aliyelala mkekani, midomo imepauka, kifua kinakoroma maji. Kisha akatutazama sisi.

"Nani alimchonga?"

Elia akainua mkono.

"Na nani alimpangia zamu?"

Wote waliniangalia.

"Azikwe leo, jua likiwepo," akasema. "Shina na hiyo kete, pamoja. Na anayemwachia aende ni mama yake. Mtu mwingine hawezi."

Nilidhani Mama Jeremia atakataa. Elia alipiga magoti mbele yake, akamshika miguu. "Mama, tunampoteza Marcelina," akamnong'oneza. "Kaka alishakwenda. Mwache."

Mama akafumba macho. Akafumbua. "Ego," akasema. Ndiyo.

Elia akachimba nyuma ya jiko. Shina likavishwa sanda. Nikaleta boksi, mama akaingiza mkono mwenyewe, akatoa kete ndani ya ngumi. Ngumi niliiona, kete sikuiona. Alishuka shimoni, akapenyeza mkono chini ya sanda, akakaa hivyo, analia.

"Lala, mwana wanje," akasema. Mwanangu. "Lala."

Tukafukia. Mzee Anatoli akanawa mikono, akaondoka, magari ya mawese hayamngoji.

Saa kumi na moja jioni Marcelina akaamka. Alitoka nje kwa miguu yake, amekauka, macho yanang'aa. Akasema ana njaa. Nililia kwa furaha mbele za watu. Elia alikwenda kuchukua samaki, migebuka, kwa jirani, mama akasonga ugali, tukakaa barazani. Marcelina akanawa, akakata tonge.

Akala kwa mkono wa kushoto.

Elia akaacha kutafuna. Mimi nikasema ni udhaifu wa ugonjwa. Baada ya kula, Marcelina aliona kamba ya nguo imelegea. Akaikaza. Vidole vyake vilikwenda haraka, vikapiga fundo, vikavuta.

"Mwalimu," Elia akaninong'oneza. "Hilo ni fundo la nyavu. Marcelina halijui. Na wa kutumia kushoto nyumba hii alikuwa kaka peke yake."

Nikaenda chumbani. Boksi lilikuwa kitandani. Nikafungua.

Mzee wa Fimbo alikuwemo. Jeremia alikuwemo. Amesimama. Mkavu.

Mpiga upinde hakuwemo.

Kadi ya Marcelina haikuwa na moyo hata mmoja.

Nilimkuta mama jikoni, anamimina mawese kwenye maharage ya kesho. Mikono yake ilikuwa imetulia.

"Mama, umezika nini?"

Hakugeuka. Alisema kwa sauti ndogo, bila hasira, kama anaeleza jambo la nyumbani. "Binti angeondoka tu, mwalimu. Chuo, halafu mume. Huyu amerudi nyumbani."

Elia alifukua kwa mikono, udongo ukamwingia kwenye kucha hadi damu. Shina lilikuwepo. Sanda ilikuwepo, imelowa chapachapa. Tulipekua kila mkunjo. Kete ya mpiga upinde haikuwepo. Nikampigia Mzee Anatoli, nikamweleza.

"Aliyeachiwa na mama yake harudishwi na mjomba," akasema, akakata.

Barua ya chuo ilifika wiki mbili baadaye. Nilimpelekea mwenyewe. Marcelina aliyeiulizia kila siku barua ile alisoma jina, akanirudishia.

"Hii ya nani?" akauliza.

Siku hizi huwa anashinda Kibirizi, kwenye mitumbwi. Binti ambaye tangu kaka yake azame hakuthubutu hata kuchovya mguu ziwani. Wavuvi wanasema anayajua maji ya Mwamgongo kuliko wao, na wameacha kumtania. Elia amehamia Kasulu, hapokei simu. Mama Jeremia amenenepa. Anaitwa jina lake lile lile, anaitika kwa furaha.

Mimi nilihamia Mwandiga. Boksi nilimwachia mama, hakukubali kulitoa. Sikubeba kitu chochote cha mchezo ule.

Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani, mlango umefungwa kama nilivyouacha. Mezani, juu ya madaftari ya wanafunzi, alilala binti mwembamba wa plastiki ya kijani. Alikuwa na udongo mwekundu kwenye nywele. Chini yake wino wa daftari la kwanza ulikuwa umeyeyuka.

Nilimwosha. Nilimfuta kwa kitenge changu, nikamsimamisha dirishani, nikamwomba radhi kwa jina lake. Kila Jumapili, saa kumi alasiri, anaanguka, na dirisha linalowa. Namwinua. Anaanguka tena. Maneno ya kumwinua nayajua kwa kichwa, nimeshayasema hadi sauti ikanikauka, na hayafanyi kitu. Mchezo ule una kanuni zake, na nilizisoma mimi mwenyewe. Msimulizi hana moyo wa kutoa.