Alimukana Mutoto Mbele ya Juge, Lakini Kwa État Alimuandikisha

"Madame juge, ule mutoto haiko wangu!"

Paulin njo alisema vile. Na Plamedie, mutoto wetu wa myaka kenda, alikuwa amenishika mukono. Alisikia yote!

Bandugu, damu ilinipanda mpaka ku kichwa...

Mi naitwa Bijou, nauzishaka samaki ya Kasenga ku soko. Paulin anafanya kazi ya État, ni kusema serikali; aliniacha na mutoto wa myaka mbili, alioa Tracy, beko naikala kule ku quartier Golf. Myaka saba hamutumie mutoto ata kalamu! Njo nilimupeleka ku tribunal, juge akate maneno, alipe pension, makuta ya kumulea mutoto. Ku masomo balikuwa banataka kumufukuza Plamedie, juu sikukuwa na makuta ya kulipa.

Sasa musikie ujinga yangu. Tangu mutoto aanze masomo, kila mwezi wa kenda Paulin anakuya mbio ku nyumba.

"Bijou, unipatie attestation ya masomo, ile karatasi ya kuonyesha mutoto anasoma. Nataka kumuwekea mutoto makuta ku compte, ku banki."

Na mi, bure kabisa, namupatia na furaha!

"Mama, uko na témoin, muntu wa kushuhudia kama ni baba yake?" juge akaniuliza.

Nikatikisa kichwa: hapana.

Mulango ikafunguka... Tracy! Nikasema leo bananimaliza.

Kumbe alikuta convocation, ile barua ya kumuita Paulin ku tribunal, mu mufuko ya bwana yake.

"Madame juge, muangalie hii."

Ilikuwa karatasi ya allocations familiales, ile makuta État inapatiaka bafanyakazi yake juu ya batoto. Jina ya Plamedie iko pale! Na ma-attestation yangu yote! Myaka yote ile Paulin anakula makuta ya mutoto!

Ku fasi ya mama baliandika: Tracy.

"Aliniambia mama ya Plamedie alikufa," Tracy akasema, analia. "Nilimulomba amulete, nimulee."

Mi nilikufa?! Mawe!

Juge akamukazia Paulin macho.

"Papa, chagua. Kama haiko mutoto wako, uliiba État, unaenda buloko, bakufunge. Kama ni wako, unalipa pension, na allocation inaenda kwa mama mwenye kumulea."

Hakuchelewa.

"Ni wangu! Wangu kabisa!"

Bantu bakacheka. Paulin akafungua mikono.

"Plamedie, kuya kwa papa."

Mutoto akajificha nyuma yangu.

Bamama, musipatie muntu karatasi ya mutoto kama hamujue anaipeleka wapi! Muende mwenyewe, muulize.

Makuta sasa inaingia, Plamedie anasoma. Lakini ile siku, mu njia, aliniambia:

"Mama, alinikubali juu ya kuogopa buloko. Haiko juu yangu."