Nafasi ya Mwenzake

Alhamisi ile, adhana ya magharibi ikisikika, nilishuka dukani hapa Najma, mtaa wetu Doha, kununua mikate ya khubusi na maziwa. Si kwamba kuna aliyekuwa na hamu ya kula. Mdogo wangu Jebet hakuwa ametia kitu kinywani tangu Jumatatu, nami nilikuwa nikinunua chakula kama mtu anayetoa sadaka, labda Mungu ataona.

Nikipanda ngazi kurudi, nikasikia mwanamume akicheka chumbani kwetu.

Nilisimama. Chumba chetu ni cha wanawake wanne. Wawili walikuwa kazini. Niliyemwacha ndani ni Jebet peke yake...

Kicheko kilikuwa kizito, chenye kikohozi ndani yake. Nikasukuma mlango. Chumba kilinuka sigara, na kwetu hakuna anayevuta. Jebet alikuwa ameketi kitandani, redio ya kaseti ikiimba mapajani. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Alinitazama, mdomo ukafunguka.

Kicheko kilitoka kwake.

Redio ilikuwa ya Mzee Tamura, Mjapani aliyetunzwa na Jebet mwaka mzima. Binti yake ni mhandisi hapa Doha. Ujanani mzee alikuwa mchekeshaji. Walikuwa wawili, yeye na mwenzake, mmoja wa kusema upuuzi na mwingine wa kumkemea, na walipopata jina wakaanza kurekodi nyimbo. Jebet aliwahi kunionyesha picha yao. Suti sare, mwenzake ana masharubu mazito, wote meno nje. Mzee alipofariki, binti yake alimwambia Jebet achague kitu cha kumkumbukia. Akachagua redio, na kaseti ikiwa ndani.

Siku ya kwanza niliposikia wimbo wenyewe nilicheka. Ulikuwa wa kijinga kweli, tarumbeta na ngoma, mzee akiimba mbio mbio kama anafukuzwa. Akimaliza mstari, kimya. Mapigo manne. Kisha watu wanaangua kicheko. Mstari, kimya, kicheko.

Walikuwa wakicheka nini, na hakuna aliyesema kitu?

Swali hilo sikujiuliza. Sisi ni wanakwaya, Jebet sauti ya kwanza, mimi ya pili. Mwanakwaya haoni nafasi katikati ya wimbo akaiacha. Jebet alianza kuitikia huku akikunja nguo, maneno ya kubuni tu, mzaha. Hata mimi nilimsaidia mara moja. Siku ya tatu maneno hayakuwa ya kubuni tena. Siku ya tano sauti haikuwa yake, ingawa hakuwa amecheka bado. Akitaka kuniita, ilitoka hewa tupu. Nikiizima redio alikabwa, midomo ikabadilika rangi, nami nikaiwasha tena huku nikilia. Hospitalini walisema ni mawazo mengi, wakampa vidonge. Mawazo gani yanayoitikia kwa sauti ya mwanamume?

Sasa ilikuwa siku ya nane, na mdogo wangu alikuwa anaisha mbele ya macho yangu. Mama alimkabidhi kwangu uwanja wa ndege. "Umlinde," alisema. Basi nikafanya lililonijia. Nilitoa simu niurekodi wimbo, nitafute mtu wa kutafsiri maneno. Ili mzee asikike vizuri, nilimziba Jebet mdomo kwa kiganja.

Chini ya kiganja changu nilihisi masharubu.

Sikupiga kelele. Nilibana meno mpaka wimbo ukaisha. Kisha nikautuma kwenye kundi letu la kwaya, maana Ronny wa sauti ya tatu anafanya kazi hoteli wanakofikia Wajapani. Nilianza kuandika: "Wapendwa, niombeeni, dada yangu..." Jebet akaanguka sakafuni. Simu ikanitoka mkononi. Sikumaliza.

Nilipompandisha kitandani nikampigia binti wa mzee. Nilimweleza yote.

"Ameitikia siku ngapi?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Nane, madam. Tafadhali. Nisaidie."

"Mwenzake baba alikufa wiki ya kurekodi. Baba akaimba peke yake. Akamwachia nafasi zake."

"Na hao watu wanaocheka?"

"Studio haikuwa na watu."

Nikamwambia nitafanya lolote, nitaifukia, nitaichoma, aniambie tu.

"Sijui," alisema, naye alikuwa analia. "Baba alisema asijibiwe. Akijibiwa hukaa. Na haondoki mpaka apate... ukumbi mkubwa zaidi."

Simu ikakatika. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Sikusali vizuri, nilibwabwaja tu, Mungu wangu, Mungu wangu, nichukue mimi.

"Stacy."

Alikuwa ananiita, kwa sauti yake. Sauti ya kwanza, nyembamba, safi.

"Stacy, niko na njaa. Mbona unalia?"

Redio ilikuwa imenyamaza yenyewe. Harufu ya sigara ilikuwa imekwisha. Alikula khubusi mbili na kumaliza maziwa, nami nilimshika mguu muda wote kama mtoto anayeogopa kuachwa sokoni. Furaha ile sijawahi kuipata kabla wala baadaye.

Kisha simu ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Haikuacha.

Kuna kanuni katika kwaya yetu ambayo hata usingizini naijua. Wengine ni walinzi, wengine wako hotelini, wengine majumbani, zamu hazikutani. Kwa hiyo mwalimu wetu Oloo alituzoesha kuwa rekodi ikija kundini bila maneno ni wimbo mpya. Usiulize. Jifunze sehemu yako ndani ya basi, jirekodi, tuma.

Nilikuwa nimetuma bila maneno.

Oloo alikuwa ameandika: "Stacy, hii ni kali! Umeitoa wapi? Sauti ya pili, hapo kwa kimya ni penu. Wote mjaribu." Nikafuta rekodi yangu. Bure. Walikuwa wameshaipakua. Chini yake zilipangana sauti zao, thelathini na moja. Nilifungua ya Oloo.

Kicheko kizito... chenye kikohozi.

Usiku kucha niliwapigia mmoja mmoja. Walipokea wote. Kila mmoja alitoa hewa tupu, kama Jebet alipotaka kuniita.

Ijumaa, siku ya misa huku, tulifika kanisani Mesaimeer, mimi na Jebet, tukapita ukaguzi langoni tukikimbia. Wanakwaya walikuwa wameshajipanga kwa sauti zao, majoho safi. Walinuka sigara. Walitabasamu meno nje, na kila mmoja wao alikuwa akitokwa na machozi.

"Padre, ngoja," nilitaka kupaza sauti, lakini alikuwa amefika altareni, amenyoosha mikono.

"Bwana awe nanyi," alisema.

Akaacha nafasi tuitikie.

Mapigo manne. Nilihisi kitu kikipanda kooni mwangu, kizito. Jebet akageuka upesi akaniziba mdomo kwa kiganja chake.

Kisha akakiondoa, akakitazama, akarudi nyuma hatua moja.